Mavuno Niliyoyaandika

Jumanne, 2 Juni

Mche wa kupimia: majani tisa. Urefu sentimita ishirini na tatu. Hakuna wadudu. Nimehesabu mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza nilipata manane. Jani la tisa lilikuwa limejificha chini, dogo kama ukucha.

Nimemwagilia, nimeandika kwenye kitabu cha mradi, nimekimbia darasani. Nimechelewa dakika mbili kwa masomo ya alfajiri. Hakuna aliyeona. Mimi niliona.

Tuko arobaini na mmoja tunaofanya Kilimo katika Kidato cha Nne. Kila mmoja ana tuta lake la sukuma wiki chini ya shule, karibu na maji, kwenye udongo mweusi ulioachwa ziwa liliporudi nyuma. Kibao chenye namba ya mtahiniwa. Kitabu kigumu cha kuandika kila siku tulichofanya. Alama za mradi zinaingia katika mtihani wa taifa kabla hatujashika karatasi hata moja. Mengine yote yatakuja kama yatakavyokuja. Hizi ndizo alama pekee ninazoweza kuzimwagilia maji.

Ijumaa, 5 Juni

Matokeo ya mtihani wa wiki yamebandikwa kwenye mlango wa bwalo. Ili ule, lazima kwanza usome nafasi yako. Wanjiku wa kwanza. Mimi wa pili. Awuor, ninayekaa naye dawati moja, wa thelathini na tisa.

Mpishi ameacha kutuita majina. "Namba mbili, lete sahani. Mbona umekonda kuliko namba moja?" Watu wakacheka. Nilicheka pia. Sikumaliza chakula.

Nywele zinatoka nikichana. Sijamwambia matroni. Ataandika kwenye daftari lake, Mkuu wa shule atasoma, nitaitwa, nitakosa kipindi.

Jumatatu, 8 Juni

Mavuno ya kwanza ni keshokutwa. Nimenoa kisu. Mizani ya maabara tumeshaiazima.

Tuta la Awuor ndilo bora kuliko yote. Naandika hivi kwa wivu, na niseme hivyo waziwazi. Majani kumi na manne kila mche, mapana, ya kijani kizito. Ya Wanjiku kumi na moja. Awuor hasomi kitabu cha Kilimo, anagusa tu udongo na kunyamaza. Likizo ya Aprili, sisi wengine tulipokuwa nyumbani, yeye alitembea kutoka kwao kila asubuhi kumwagilia vitalu vyetu vyote. Hakuna aliyemtuma. Hatukumshukuru. Miche yangu iko hai kwa sababu yake na katika kitabu changu nimeandika "nilimwagilia".

Nakumbuka Januari, Mwalimu Owino alipotuonyesha mahali pa matuta. Awuor aliinua mkono.

"Mwalimu, hiyo ni njia ya rao."

Rao ni viboko kwa Kijaluo. Kwao wanavua samaki hapa Asembo, anajua wanapopitia wakitoka majini kula nyasi.

"Awuor, rao amesoma silabasi?" akasema Mwalimu Owino. Tukacheka sana. Mimi pia. Kubeba maji hadi kule juu kungetuua, na hapa maji yalikuwa hatua kumi tu.

Jumanne, 9 Juni

Hakuna kitu.

Niliteremka saa kumi na mbili na robo na mtungi wangu. Nilidhani nimepotea njia. Hakuna matuta, hakuna miche. Matope yaliyokanyagwa, na nyayo kubwa kama sinia zilizojaa maji. Vibao vyetu vimevunjika. Nilikuta namba yangu imezama nusu kwenye tope.

Wenzangu wakaja mmojammoja. Hakuna aliyepiga kelele. Wanjiku alikaa chini kwenye matope na sare yake safi ya Jumanne. Mtu mmoja akasema, "Ni mkosi," mwingine akamwambia anyamaze.

Awuor alitembea kati ya nyayo, akifuata, akirudi, kama mtu anayesoma. "Walikuwa watatu. Wakubwa wawili na mtoto." Kisha akainua beseni lililopinduka pembeni mwa tuta lake. Chini yake, mche mmoja. Mmoja kati ya yote.

Nilifungua kitabu cha mradi baada ya kifungua kinywa. Niliandika tarehe. Basi. Sijui mtu anaandika nini. Nafasi ya tarehe tisa iko wazi.

Jumatano, 10 Juni

Leo ingekuwa siku ya kuvuna.

Mkuu wa shule alituita sisi arobaini na mmoja peke yetu kwenye maabara. Mlango ukafungwa. Alisema hakuna aliyeona chochote na hakuna atakayesema chochote nje ya lango. Alisema habari ikifika kwa wasimamizi wa mtihani kwamba hatuna mazao, wote tutapata sufuri, na wastani wa shule utaanguka, na wazazi watauliza nani alilala kazini.

Wanjiku aliuliza kama imeandikwa mahali, hiyo ya sufuri. Mkuu alimtazama. "Wewe unataka kujaribu?"

Mwalimu Owino alikuwa amesimama karibu na sinki akitazama viatu vyake. Yeye si mwalimu wa serikali. Ameajiriwa na bodi ya shule, muhula kwa muhula. Mkuu akiamka vibaya, yeye anarudi kwao Bondo.

Ijumaa, 12 Juni

Mpango ni huu. Afisa wa kukagua miradi anakuja Alhamisi ya tarehe 25. Siku moja kabla, tutaletewa sukuma wiki iliyokomaa kutoka shamba la mama mmoja nyuma ya kanisa, ing'olewe na mizizi, ipandwe kwenye matuta yetu. Vibao vitatengenezwa upya. Vitabu vitaonyesha tumevuna tangu tarehe kumi.

Wasichana wengine walisema hawawezi kuandika. Wengine, kwenye karatasi za majaribio, waliandika uzito unaogongana: mmoja alivuna gramu tisini, jirani yake kilo saba. Mkuu akachoka. Akasema mtu mmoja aandike vyote, mwenye akili ya namba na mwandiko mzuri, ili hesabu zikae sawa.

Kila mtu akageuka kunitazama.

"Sekretari," mtu akanong'ona. Ndilo jina langu la utani tangu Kidato cha Pili.

Mwalimu Owino alisema, "Akoth ana mambo mengi, Madam." Mkuu akasema basi asamehewe kusafisha bwalo.

Sikukataa. Nataka kuandika hapa kwamba nilifikiri kukataa. Sikufikiri. Nilichofikiri ni kwamba nimechaguliwa.

Jumapili, 14 Juni

Nilimpigia mama kwa simu ya matroni. Dakika tano. Nilisikia cherehani ikisimama. Anashona sare za shule mtaani Manyatta, Kisumu, hata Jumapili.

"Mama, umekula?" Ananiita hivyo, mama, kwa sababu nina jina la mama yake.

"Nimekula."

"Na mboga zako? Nimewaambia watu hapa mtoto wangu analima huko na bado ni namba mbili. Baba Otis wa boda boda anakuita daktari. Anasema ukija atakubeba bure mpaka mlangoni."

Nilisema mboga zinaendelea vizuri. Uongo nimeuanza na mama, kumbe. Nilidhani ningeanza na vitabu.

Alhamisi, 18 Juni

Vitabu kumi na saba vimekwisha. Nakaa kwenye stoo ya Kilimo baada ya vipindi, kati ya majembe na magunia ya samadi. Mwanzoni nilijaribu kuiga mwandiko wa kila mmoja. Nilichoka kitabu cha nne. Mkuu alikuja kutazama, akasema mwandiko ni mwandiko, afisa anatazama namba.

Tarehe 10, mavuno ya kwanza. Tarehe 13, ya pili. Tarehe 17, ya tatu. Ninaweka wadudu kidogo hapa na pale ili isiwe nzuri mno. Kwa Mercy nimeandika kwamba alinyunyizia majivu. Kwa Achieng nimeweka mvua ya mawe. Nimeifuta, mvua ya mawe ingenyesha kwa wote.

Ninaifanya vizuri kazi hii. Hilo ndilo linalonitisha. Kuna wakati nasahau kabisa ni uongo, nafurahi tu hesabu zinapokubaliana.

Usingizi hauji. Mikono inanuka samadi na wino.

Jumamosi, 20 Juni

Lazima niandike hili polepole.

Vitabu thelathini na tisa tayari. Vimebaki viwili, changu na cha Awuor. Kabla ya kuanza cha Awuor nilipanga uzito wake kichwani: kilo moja na robo, mavuno yote matatu pamoja. Kidogo. Karibu na mwisho. Nikajiuliza kwa nini kidogo hivyo.

Nilifungua vitabu vyote, nikaviweka sakafuni kwa mpangilio wa uzito nilioubuni. Ulikuwa mpangilio wa mlango wa bwalo. Wanjiku juu. Kisha nafasi niliyojiachia mimi. Kisha wa tatu, wa nne, mpaka chini. Nilikuwa nimewavunia watu kulingana na namba zao darasani. Hakuna aliyeniagiza. Mkono wangu ulikuwa unajua wenyewe. Na Awuor, mwenye tuta bora kuliko letu sote, nilikuwa nimemweka wa thelathini na tisa.

Kisha nikafungua kitabu chake. Tarehe tisa haiko wazi. Vitabu hivi tunaviandika kwa Kiingereza, lakini siku ile yeye ameandika kwa Kiswahili, kwa kalamu, mwandiko wake mkubwa unaoteremka:

"Leo rao wamekula mboga zangu zote. Walikuwa watatu. Wametoka upande wa mawe. Mche mmoja umebaki, majani matano mazima. Nimeumwagilia."

Tarehe kumi: "Majani matano. Nimemwagilia." Kumi na moja: "Majani matano. Nimemwagilia." Hivyo hivyo hadi jana. Jana yalikuwa sita.

Siku ile wote tulikuwa pale. Ni yeye tu aliyeandika.

Nilikaa kwenye stoo mpaka kengele ya chakula. Karatasi hizo haziwezi kufutwa. Ni kuzing'oa au kuziacha. Nikiziacha, kitabu kimoja kinasema viboko na thelathini na tisa vinasema mavuno. Kitabu chake kitatuangusha wote.

Jumapili, 21 Juni

Nilimkuta Awuor akifua nyuma ya bweni. Nikamwambia.

Aliendelea kusugua kola. "Sasa wewe unataka niseme nini?"

"Niambie nifanye nini."

"Akoth, si tuliambiwa tuandike kilichotokea shambani? Nikaandika. Mimi ndiyo kazi niliweza." Akakamua kola. "Ukitaka kung'oa, ng'oa. Lakini usikuje kuniuliza kama ni sawa. Hiyo ubaki nayo wewe."

Anataka kwenda chuo cha kilimo. Sikuwahi kujua. Miaka minne dawati moja. Kilimo ndilo somo lake pekee lenye matumaini. Nikiacha karatasi zake, anaweza kupata sufuri kwa kusema kweli. Nikizing'oa, atapata alama za mtu wa thelathini na tisa kwa kazi ya mtu wa kwanza.

Kila ninachofikiria kinamuumiza.

Jumatatu, 22 Juni

Wanjiku alinifuata mpaka kwenye bomba la maji. Kuna mtu alitusikia jana, bweni zima linajua. Wazazi wake wana duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisumu, na kaka zake wawili tayari ni madaktari. Akishuka hata alama moja nyumbani panakuwa kama matanga.

"Mimi siwezi kupoteza A kwa sababu ya mnyama."

"Si ya mnyama. Ni ya kitabu."

"Basi choma kitabu." Kisha akafunika uso kwa taulo. "Aki Akoth, mimi silali. Wewe unalala?"

Nilimwambia silali. Tulisimama hapo mpaka ndoo zikafurika. Sikujua kama yeye ni adui yangu. Nadhani hakuwahi kuwa.

Jumatano, 24 Juni

Walileta mboga kwa mkokoteni saa tano, jua kali. Tulitolewa darasani. Magunia, mabeseni, mizizi imekatika nusu. Tulipanda tukikimbia, Mkuu akiwa na mwavuli. "Simamisheni vizuri! Hiyo imeinama! Nani kapanda hii kama mtu mlevi?"

Awuor alipewa miche kumi na miwili. Aliipanda yote, taratibu, kila mmoja na maji yake. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, "Kesho zitalala."

Mche wake ule mmoja ameuacha pembeni na kijiwe kila upande.

Saa kumi na moja jioni nilibeba vitabu vyote arobaini na kimoja kwenye beseni hadi chumba cha walimu. Mwalimu Owino alikuwa peke yake, anasahihisha. Niliweka cha Awuor juu, nimekifungua tarehe tisa.

Alisoma. Akageuza ukurasa. Akasoma mpaka jana. Akavua miwani.

"Januari aliniambia," akasema. "Nikamfanyia mzaha."

Akatazama beseni la vitabu.

"Umeandika vingapi?"

"Thelathini na tisa, Mwalimu."

"Chako?"

"Kiko wazi tangu tarehe tisa."

Alifuta miwani kwa upindo wa shati. Nilitaka aseme ng'oa. Naandika hivyo kwa sababu ndiyo kweli: nilitaka mtu mzima aseme ng'oa, nikang'oe, nikalale.

"Siwezi kukuambia uandike nini," akasema. "Mimi nilishawaacha muandike uongo, sina mdomo. Lakini hicho chako bado ni chako. Anza na hicho. Hivi vingine niachie."

Niliandika pale pale kwenye meza yake. Tarehe tisa: mazao yote yameliwa na viboko. Tarehe kumi hadi ishirini na nne: hakuna mazao. Nimeandika kumbukumbu za uongo katika vitabu thelathini na tisa vya wenzangu. Jina. Namba. Sahihi.

Nikafunika kalamu.

Alhamisi, 25 Juni

Zililala.

Kufikia saa nne mboga zote zilikuwa zimelala ubavu kwenye matuta, kama nguo zilizoanguka kwenye kamba. Afisa alikuwa mwanamume mfupi mwenye kofia ya kitambaa na viatu vya mpira. Alisimama juu ya mteremko, akatazama, akasema tu, "Haya."

Mkuu alianza kueleza juu ya jua la wiki hii. Mwalimu Owino akamkata. Sijawahi kumsikia akimkata mtu.

"Hizi si za wanafunzi wangu. Zimeletwa jana. Zao ziliisha tarehe tisa." Akampa kitabu cha Awuor, kisha changu.

Afisa alisoma amesimama. Ziwa lilikuwa shwari, mtu angesikia karatasi zikigeuka. Akauliza Awuor ni nani. Awuor akatoka mstarini, akamwonyesha upande wa mawe, nyayo zilizokauka kama vikombe vya udongo, kisha mche wake. Afisa akachuchumaa. Akahesabu majani kwa kidole. Saba. Akatazama kitabu. Saba.

Kisha akavitaka vitabu vingine. Alivifungua kimoja baada ya kingine juu ya boneti ya gari. Nilijua ataona nini. Hadi tarehe nane kuna miandiko thelathini na tisa. Kuanzia tarehe tisa darasa zima lina mkono mmoja.

"Nani ameandika hivi?"

Mkuu alifungua mdomo. Niliinua mkono kabla hajasema. Uliinuka kama wa mtu mwingine. Nilifikiria mama na cherehani. Nilifikiria Baba Otis. Niliuacha juu.

"Mimi, Afisa. Akoth."

Kisha nyuma yangu sauti ya Wanjiku, ya hasira, kama mtu anayedaiwa kalamu: "Changu nilimpa mwenyewe. Hakuniibia."

Afisa alitufanya tukae kwenye nyasi, kila mtu aandike kwa mkono wake mwenyewe alichokiona tarehe tisa. Baadhi waliandika wakilia. Mmoja aliuliza kama ni lazima kwa Kiingereza. Afisa alisema lugha yoyote ambayo kiboko anaijua. Hakuna aliyecheka isipokuwa Awuor.

Alichukua vitabu vyote kwenye gunia. Hakusema kitakachofuata. Nilimuuliza. Akasema, "Nitaandika nilichoona. Wengine wataamua."

Ijumaa, 26 Juni

Nililala kwa saa tisa mfululizo bila kuamka. Matroni alidhani naumwa.

Jumatatu, 6 Julai

Mkuu aliniita. Alikuwa ananywa chai. Hakupiga kelele. Alisema, "Nilikuamini," na hilo liliuma kuliko kelele. Kisha akasema kwamba yeye pia ana watu juu yake wanaobandika orodha mlangoni, na shule yetu iko kwenye orodha hiyo, na mimi sijui ni nini kusoma namba yako mbele ya wakuu wenzako. Nilimwonea huruma. Sikutaka kumwonea huruma. Niliomba ruhusa ya kurudi darasani.

Matokeo ya wiki: nafasi ya sita. Mpishi alisoma, akanitazama. "Akoth, lete sahani," akasema. Sikujua anajua jina langu.

Jumanne, 21 Julai

Barua ya wasimamizi wa mtihani imekuja. Mwalimu Owino aliisoma darasani mara mbili. Mradi utasahihishwa kwa kazi ya hadi tarehe nane, kwa kila mtahiniwa, kwa sababu mazao yaliharibiwa na wanyama na haikuwa uzembe wa mwanafunzi. Hiyo ya sufuri haikuwa imeandikwa mahali popote. Ilikuwapo karatasi ya maelekezo tangu Februari, kwenye kabati ya ofisi, ndani ya bahasha yenye neno siri. Aya ya mwisho inasema tukio kama hilo liandikwe siku linapotokea, na mwalimu aweke sahihi. Hakuna aliyeifungua mpaka mwisho. Kila mtu alimwogopa aliye juu yake, na hakuna aliyesoma.

Watu walishangilia. Wanjiku aliinamia dawati akalia kwa nguvu.

Kuna mstari mmoja zaidi. Suala la mtahiniwa aliyeandika kumbukumbu za wenzake litaamuliwa baadaye. Hakuna tarehe.

Kwa hiyo nitafanya mitihani yote ya Oktoba na Novemba bila kujua kama nitapewa matokeo. Nimeisoma sentensi hiyo mpaka imepoteza maana. Nilidhani ningeanguka. Nimekaa tu. Mwalimu Owino alikunja barua, akasema ataniandikia maelezo ya upande wangu, ya kwamba mpango haukuwa wangu. Akaongeza kwamba bodi haimhitaji tena muhula ujao. Alilisema kama mtu anayetangaza ratiba.

Ijumaa, 31 Julai

Siku ya kufunga. Masanduku yamepangwa langoni. Mama amesema kwa simu atakuja mwenyewe stendi ya mjini, amefunga cherehani mapema. Amejua yote. Nilimwambia Jumapili iliyopita. Aliuliza kama nimekula. Nikasema kidogo. Akasema hiyo kidogo angalau anaiamini.

Wazazi wa wengine walipokuwa wakipakia magodoro, niliteremka kwenye matuta, kwa Awuor. Atabaki hapa, kwao ni pale tu nyuma ya mawe. Mwezi wa nane wote atakuja kumwagilia. Hakuna atakayempa alama kwa hilo. Nilimwambia naelewa ni yeye aliyemwagilia vitalu vyetu Aprili, na kwamba katika kitabu changu niliandika ni mimi.

"Najua," akasema. "Mlijaza wote hivyo." Akanipa mtungi. "Haya, leo iwe kweli."

Nilichota maji. Nikamwagilia polepole, chini kwenye shina, sio juu ya majani, kama anavyofanya yeye. Amezungushia mche miiba na makopo yanayogongana. Udongo ulinyonya maji mara moja. Tulikaa. Mbali majini kulikuwa na masikio mawili na pua, yakazama.

Sina kitabu cha mradi tena, naandika hapa.

Mche mmoja. Urefu sijapima. Majani kumi na matatu. Nimehesabu mara moja tu.